Trompeti na Saksofoni za Kwetu Mu Nairobi
Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, mu mkutano wetu wa Kikula, Likasi. Tumeyaandika karibu sawa vile yalisemwa.

  

Mama mmoja wa komite njo aliniita. Aliniambia: "Yaya, kila mwezi tunasemaka magonjwa na kilio, magonjwa na kilio. Leo utuletee kintu ingine." Nikamwambia sawa, nitaleta muziki. Lakini bandugu, sitaki mufikiri kwamba nimekuja kuwapumzisha tu. Nitasema juu ya orkestre mbili zilizotoka kwetu na kupiga mu Nairobi, ile ya Baba Gaston na Les Mangelepa, na zaidi juu ya wale watu waliokuwa wanasimama pembeni na vyombo vya kupuliza. Kiisha nitaleta ombi moja, na ombi lenyewe ni juu ya meno. Mungojee, mutaona meno yanaingilia wapi.

Tuanze hapa kwetu. Mu 1952, mji huu ungali unaitwa Jadotville, alipita hapa Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anatembea Afrika na mashine ya kurekodi sauti. Hapa hapa akakutana na kijana mmoja na gitare yake, Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya. Njo vile dunia ilisikia "Masanga". Bosco alikuwa na gitare moja tu, lakini vidole vyake vilifanya kazi ya watu wawili. Tunajisifu juu yake, na ni haki yetu.

Lakini kulikuwa sauti ingine tunayoisahau. Misioni zilikuwa na fanfari. Askari wa Force Publique walikuwa na fanfari. Mu kambi za wafanyakazi watu walicheza Mbeni, ile ngoma ya kutembea kwa mistari sawa askari, na mavazi ya cheo na ngoma kubwa. Kwa hiyo mtu wa Katanga alijua mambo mawili kwa wakati mmoja: gitare ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti, na trompeti za watu wengi wanaokwenda pamoja. Orkestre zilizokuja nyuma zilifunga hayo mawili kamba moja.

Sasa mtu wetu. Ilunga wa Ilunga, ambaye watu wengi wanamjua kwa jina la Baba Gaston, alizaliwa hapa Likasi mu 1936. Orkestre yake, Baba National, aliianzisha Lubumbashi. Mu 1971 alihamia Dar es Salaam, na mu 1975 akapanda Nairobi. Mu 1976 sehemu ya wanamuziki wake wakatoka, wakaunda orkestre yao wenyewe, Les Mangelepa. Baba Gaston aliendelea kupiga mpaka 1989 alipoacha muziki, akafariki mu 1997. Hiyo njo mifupa ya habari. Nyama nitaiweka polepole.

Hawakuwa peke yao kwenye njia ile. Maquis du Zaire walitoka Kamina, wakafika Dar es Salaam mu 1972. Super Mazembe walianza huku kwetu Katanga kwa jina la Super Vox, wakapitia Zambia, wakafika Nairobi mu 1974. Ndala Kasheba, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa Tanzania mbele yao wote. King Kiki, naye wa Lubumbashi, akafuata. Muangalie karta: Kamina, Kaniama, Likasi, Lubumbashi. Ni sawa mtu aliinua kikapu chetu na kukimwaga upande wa mashariki.

Kwa nini? Vijana wananiulizaka. Njaa ya kujulikana ilikuwako, na mu Nairobi kulikuwa studio na viwanda vya kutengeneza disiki. Kinshasa nako kulikuwa, lakini Kinshasa ni mbali na sisi, na kule kila mlango ulikuwa na mwenyewe. Kiisha nchi yenyewe ilianza kubana watu. Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, na biashara nyingi zikafa mu mikono ya watu wasioijua. Mu 1974 na 1975 bei ya shaba ilianguka. Mu 1975 vita ya Angola ikafunga reli ya Benguela, ile iliyokuwa inatoa shaba yetu mpaka baharini. Mji wa shaba bila bei na bila njia, ni nani atalipa orkestre ya watu kumi na watano kila wiki? Baba Gaston alikuwa ametangulia. Wengi walitoka kwa sababu zile zile zilizotutoa sisi wengine na masanduku yetu.

Na Kiswahili kilitusaidia. Tulifika kule tukiwa nacho tayari mu kinywa, hata kama watu wa Nairobi walikuwa wanatucheka. "Kiswahili gani hiki?" Sisi tukajibu: "Ni cha kwetu, na tulikula nacho." Wanamuziki waliimba Lingala na Kiswahili, na wasikilizaji wengi wa kule hawakujua Lingala hata neno mbili. Walikuwa wanashika nini, basi? Gitare walishika, ndiyo. Lakini kile walichorudi nacho nyumbani wakikipiga mluzi asubuhi kwenye matatu, kilikuwa ni zile trompeti na saksofoni.

Mimi nilikuwa kijana, namtumikia fundi wa nguo karibu na River Road. Falanga ya kuingia klabu sikuwa nayo kila wiki. Siku zile sikuwa nayo nilisimama inje, na niwaambie, inje njo pahali pa kujifunza trompeti. Sauti ya mwimbaji inabaki ndani na mikro yake. Bas inakuwa kelele tu kwenye ukuta. Lakini trompeti inapita dirishani na kukutafuta.

Sasa nitasema vile usiku wenyewe ulikuwa unakwenda, juu kuna wengine hapa mumesikia disiki tu, na disiki haisemi yote.

Munakumbuka disiki ndogo ya 45. Upande mmoja unachukua dakika nne, tano, basi. Wimbo wa Mangelepa haukuingia mu dakika nne. Kwa hiyo waliukata: upande wa kwanza maneno na waimbaji, upande wa pili sebene. Ukifika katikati, unaamka, unageuza disiki, unarudisha sindano. Sisi wote tulizoea kufikiri wimbo una tundu katikati. Ukienda kuwasikia jukwaani, tundu halipo. Maneno yanaisha, na hapo hapo, bila mtu kuvuta pumzi, gitare ya solo inapanda na vyombo vya kupuliza vinaingia nyuma yake. Mara ya kwanza kusikia kile kiungo, nilishika mkono wa mwenzangu. Disiki ilikuwa imetunyang'anya pahali patamu kuliko pote.

Na urefu. Wimbo ule wa dakika nane kwenye disiki ulikuwa unaweza kwenda dakika ishirini mbele ya watu, juu hakuna aliyekuwa anahesabu. Watu wakicheza, unaendelea. Watu wakichoka, mkubwa wa orkestre anatoa ishara, unakatwa.

Muangalie sasa wapulizaji. Mwanzo wa wimbo wanakaa kimya. Wamesimama na mavazi yao ya namna moja, chombo kwenye kifua, wanatikisa mabega kidogo. Ubeti wa kwanza hawamo. Kijana wa leo angesema: kwa nini munawalipa? Lakini kile kimya kilikuwa ni sehemu ya kazi. Waimbaji wanauliza jambo, wanalirudia, na masikio yako yanaanza kungojea jibu bila wewe kujua. Kiisha trompeti inajibu, neno moja fupi, sawa mtu anayesema "eee!" nyuma ya mlango. Kimya tena. Njo heshima ya wapulizaji wale wa kwanza: walijua kungoja zamu.

Mu sebene wanafanya ingine. Hapo wanashika kipande kifupi, labda sauti sita au nane tu, na kukirudia, kukirudia. Gitare inatembea juu yake inavyotaka. Ukifikiri umekizoea, mkubwa anainua mkono na wote wanahamia kipande kingine kwa pigo moja, pamoja na batri. Watu wanapiga kelele. Si kelele ya kushangaa maneno, hakuna maneno pale. Ni kelele ya kuona watu kumi na watano wakipinda kona moja kwa mara moja bila kugongana.

Na kuna siri ya pumzi. Mtu mmoja hawezi kupuliza sebene ya dakika kumi. Midomo inakufa, kifua kinawaka. Kwa hiyo wanagawana. Mmoja anaiba pumzi wakati wengine wanashika, kiisha yeye anashika na mwingine anaiba. Ukiwa chini unacheza, unasikia sauti moja isiyokatika. Ukisimama karibu, unaona kila mmoja anakatika kwa zamu yake.

Kulikuwa na baridi pia. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na mwezi wa saba wake ni sawa wa saba wetu hapa Likasi: asubuhi na usiku unatafuta koti. Shaba ikiwa baridi, sauti yake inashuka. Gitare inabaki juu, trompeti inaanguka chini, na wimbo unakuwa sawa ndoa ya ugomvi. Kwa hiyo ungeona wapulizaji, mbele ya zamu yao, wanapuliza hewa ya moto bila sauti mu chombo, wanakifunika na mikono sawa mama anayefunika mtoto. Watu waliona ni mapozi. Ilikuwa ni ufundi.

Na siku umeme ulipokatika! Gitare zote zikafa. Mikro ikafa. Bas ikafa. Giza. Batri haikufa, na wapulizaji hawakufa. Wakashika kipande kile kile mu giza, batri chini yao, watu wakipiga makofi mahali pa gitare, mpaka taa ziliporudi na gitare ikaingia mu pahali pake sawa haikutoka. Usiku ule nilijua kwamba vyombo vingine vyote vilikuwa vinakopa nguvu ukutani. Hivi vilikuwa na yao.

Wageni wetu wa mbali labda wanasema: lakini vyombo hivi ni vya dunia nzima. Kweli. Mu Marekani, mu 1967, iliundwa orkestre iliyochukua jina la mji wake, Chicago. Ilikuwa ya rock, ya gitare za umeme, lakini iliweka mbele trompeti, tromboni na saksofoni, na kuvipa vyombo hivyo sauti yao mu wimbo, si kupamba tu. Blood, Sweat & Tears walifanya jambo la karibu na hilo miaka ile ile. Mu London, Teddy Osei wa Ghana na wenzake wakaanzisha Osibisa mu 1969. Na mu Septemba 1974 James Brown alikuja Kinshasa na wapulizaji wake, kwenye tamasha la Zaire 74, wiki chache mbele ya pigano la Ali na Foreman. Ng'ambo ya mpaka wetu, kwenye Copperbelt, vijana wa Zambia walikuwa wanapiga rock ya gitare kali, WITCH na wenzao. Miaka ile hewa ilikuwa imejaa.

Sisemi wetu waliiga hao. Wetu walikuwa na njia yao, kutoka fanfari, kutoka kwa OK Jazz na Verckys na saksofoni yake. Nasema jambo lingine. Mu Aprili 1971 Chicago walipiga wiki moja mu Carnegie Hall, New York. Mashine zilikuwako, zikarekodi, na mwaka ule ule ikatoka albamu ya disiki kubwa nne. Wiki moja, disiki nne! Mtu aliyezaliwa juzi anaweza kukaa leo na kusikia vile trompeti ilikosea, vile watu walicheka, vile wimbo ulirefuka. Wetu walipiga usiku kwa usiku mwaka mzima, na kilichobaki mu mikono ya watu ni disiki ndogo ya 45, iliyokatwa katikati. "Embakasi" munaijua. "Nyako Konya" munaijua. Embakasi ni pale Nairobi penye uwanja wa ndege. Kwetu sisi wageni jina lile halikuwa jina la bure, kila mmoja alikuwa na siku yake ya Embakasi. Lakini vile nyimbo zile zilivyopigwa mbele ya watu, usiku, mu 1977, hayo yamebaki mu masikio. Na masikio yanazeeka.

Niseme kidogo juu ya taabu, juu muziki mtamu unafanyaka watu wafikiri maisha yalikuwa matamu. Mu orkestre nyingi za miaka ile, kule Nairobi na Dar es Salaam, vyombo vilikuwa vya mwenye orkestre. Gitare ni yake, mashine ni zake, trompeti ni yake. Mwanamuziki anapokea mshahara au sehemu ya mlangoni, na siku akitoka, anatoka na mikono. Kwa hiyo ukisikia kwamba mu 1976 kundi zima lilitoka kwa Baba Gaston, usisikie ugomvi tu. Sikia pia ujasiri. Na Baba naye usimsahau: alikuwa amevusha watu wake mipaka miwili na kuwafikisha mu mji mkubwa. Mzazi na watoto, wote walikuwa na haki yao. Sitasimama upande.

Kiisha makaratasi. Miaka ya 80, ruhusa ya kazi kwa wanamuziki wa kigeni mu Kenya ikawa ngumu. Hata Virunga ya Samba Mapangala, iliyokuwa inajaza klabu ya Starlight, iliguswa na mambo hayo. Wengine walirudi, wengine walikwenda mbele, wengine walikaa kimya. Mangelepa walishika. Mu 2017, wazee sasa, wakatoa albamu yenye jina la Kiingereza maana yake "orkestre ya mwisho iliyobaki imesimama". Miaka arobaini na moja tangu watoke kwa Baba Gaston. Muone hiyo.

Sasa nafika kwenye ombi.

Wote hapa munamjua muzee wetu wa trompeti. Jina lake silitaji, juu hataki, na hakupiga na orkestre kubwa nilizotaja. Alipiga na orkestre ndogo, zile za wiki mbili hoteli hii, wiki tatu hoteli ile. Alirudi na trompeti yake imefungwa mu blanketi, na shati mbili. Kila Jumamosi anafundisha vijana sita na zile trompeti mbili na saksofoni moja wafadhili walizotuletea. Aksanti sana kwa hizo, vijana wanazitunza.

Muzee yule amepoteza meno ya mbele, ya juu, matatu. Kwa mtu mwingine ni shida ya nyama na muhindi. Kwa mpulizaji ni mwisho. Midomo inaegemea meno. Kidomo cha trompeti kinakandamiza mdomo, na mdomo unakandamiza meno. Meno hakuna, mdomo unaingia ndani, hewa inatoka pembeni, sauti haiko. Anafundisha kwa kuimba: "paa-pa-pa, hapana, sivyo, paa-pa!" Vijana wanajaribu kukisia.

Aliomba sanduku letu limusaidie apate meno ya bandia. Maneno matatu yalisemwa kumpinga. Niyajibu moja moja, kwa heshima, juu waliosema ni bandugu na wanachunga falanga yetu sote.

La kwanza: meno si ugonjwa, na sanduku ni la ugonjwa na kilio. Ni kweli vile kanuni inasema. Lakini mwaka mbele ya jana tulimupa mama mmoja kichwa cha mashine ya kushona, na mashine ya kushona nayo si ugonjwa. Tulisema ni chombo cha kazi. Basi, mu kazi ya trompeti, chombo kina sehemu mbili: ya shaba, na ya kinywa. Wafadhili walileta ya shaba.

La pili: tukimupa huyu, kesho wazee wote watakuja na meno yao. Ni hofu ya haki. Mimi mwenyewe yamebaki yanahesabika! Kwa hiyo tuandike kanuni, tusiache mambo mu huruma: sanduku linatoa nusu, kwa mtu ambaye kile kitu kinamurudisha kufundisha wengine, na nusu ingine jamaa yake na wanafunzi wake wanachanga. Vijana sita wamekwisha kusema watabeba mizigo kwenye soko Jumapili mbili. Kiisha niliuliza bei kwa daktari wa meno. Hiyo nusu yetu haifiki hata robo ya kile tunatoa siku ya kilio kimoja. Muzee yule akifa, bandugu, tutachanga bila kuuliza. Tutanunua sanduku, tutakodi gari, tutapika. Tutasema maneno matamu juu ya trompeti yake. Naomba robo ya ile falanga mbele ya kilio, wakati angali anaweza kuipuliza.

La tatu, kijana mmoja ndiye alisema, na ni neno la akili: muziki wote uko mu telefone, tusikilize tujifunze, muzee wa nini? Mwanangu, sikiliza vizuri. Mu disiki ya zamani unasikia trompeti ya kwanza, ile ya juu. Ya pili iko chini yake, imefunikwa na gitare na bas. Wakati mwingine saksofoni ya chini haisikiki kabisa, unaisikia tu kwa kukosa: ukiitoa, wimbo unakuwa mwembamba. Sauti zile za chini hakuna aliyeziandika kwenye karatasi. Ziko mu kichwa cha waliozipiga. Muzee wetu alikuwa mtu wa trompeti ya pili maisha yake yote. Kila orkestre iliyofika kupiga nyimbo za wakubwa, yeye njo alijifunza ile ya pili, kwa kusimama karibu na jukwaa la wengine na kusikiliza. Ukijifunza kwa telefone, vijana wote sita watapiga ya kwanza. Itakuwa ni watu sita wanasema neno moja. Ile niliyowaambia, ya kugawana pumzi, ya kungoja zamu, ya kupinda kona pamoja, haitapatikana, juu haiko mu sauti ya juu peke yake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Moja, nusu ya meno, kwa kanuni niliyosema. Mbili, akipona ufizi na meno yakakaa, tumupe Jumamosi nne za kupuliza sauti ya pili ya nyimbo anazozijua, moja moja, polepole, na vijana wairekodi mu telefone zao. Falanga haihitajiki hapo, ni betri na kimya tu. Na wengine kati yetu tuliowaona Baba Gaston na Mangelepa na Maquis mu miaka ile tukae pembeni tuseme: hapa walirefusha, hapa walinyamaza, hapa watu walipiga kelele. Si kwa kujisifu kwamba tulikuwa Nairobi. Ni juu ya mtoto wa Likasi ajue kwamba mtu wa Likasi alitoka hapa na orkestre yake, na kwamba ile orkestre ilikuwa na sauti ya pili.

Marafiki wenye kutusaidia, kwenu neno moja. Mukitaka kutuma chombo kingine, aksanti, tutapokea. Lakini mu mwaka huu trompeti ya tatu itakaa mu sanduku lake kama hakuna mwenye kufundisha. Kwanza mutusaidie na mwalimu.

Nimemaliza. Aksanti kwa mama wa komite aliyetaka kintu ingine na akapata meno. Sekretere, tafazali uandike ombi vile nimelisema. Mwenye neno aseme, kiisha tuinue mikono.